Shajara ya vipande vinne: maji ya kisima, mvua na udongo wa Hombolo, Dodoma

Oktoba 6

Msimu uliopita, asubuhi baada ya mvua ya pili, jirani yangu wa bustani ya chini alikuja na karai la tope akalitua mlangoni. "Mbukwa baba. Udongo wako umelala kwangu jana bila hata hodi. Nimekuletea huu kidogo, mwingine uufuate na toroli." Mchicha wake wote ulikuwa umefukiwa, yanaonekana majani ya juu tu.

Nilijitetea kwamba mvua ni ya Mungu. Lakini kimoyomoyo nilijua kuna jambo. Shamba la mtama lililo juu yangu lina mteremko uleule na halijawahi kuonja pampu, na mwaka ule halikushuka kiasi hicho. Iliyoshuka ni bustani, ninayoimwagilia tangu Juni hadi Novemba.

Kwa hiyo mwaka huu nataka kujua kwa mikono yangu: kumwagilia kwangu kiangazi kunaufanya nini udongo hata mvua ikija inaukuta hauna nguvu?

Leo nimepima mteremko kwa mpira wa maji, kama fundi anavyopima msingi wa nyumba. Ndani ya mita 10 ardhi inashuka sentimita 40. Mwongozo wa umwagiliaji wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, unataka mfereji usizidi mteremko wa asilimia 0.5, yaani sentimita 5 kwa mita 10. Mifereji yangu inashuka mara nane ya hapo, na yote nimeielekeza kwa jirani kama mitutu ya bunduki. Sikumwambia.

Nimekata vipande vinne, kila kimoja mita 2 kwa 10, nikavizungushia mabati yaliyofukiwa nusu ili maji ya nje yasiingie. Chini ya kila kipande kuna pipa la lita 200 shimoni, limefunikwa bati, na mlizamu mfupi wa kulipelekea maji. Kipande cha kwanza namwagilia kwa mfereji wa kushuka, kama tunavyofanya wengi huku. Cha pili kwa mpira wa mkononi, nikiubana mdomo kwa kidole gumba maji yatawanyike. Cha tatu kina mipira ya matone. Vyote vitatu vina nyanya. Cha nne nimekilima na kukiacha kitupu, hakipati hata tone mpaka mvua.

Kabla sijasahau niandike utabiri wangu, nisije nikajifanya nilijua: cha nne, kwa kiu kilichonacho, kitakunywa mvua yote. Cha kwanza kitakuwa kibaya zaidi, kwa sababu ya mfereji tu.

Oktoba 19

Mbuzi wameingia. Bati la kipande cha pili limelala, nyanya sita zimeliwa. Nimesimamisha upya. Hakuna jingine.

Novemba 3

Mabega ya mfereji wa kipande cha kwanza yameota unga mweupe. Nimeulamba: chumvi, na nyuma yake ladha ya sabuni. Kwenye matone unga huo umejipanga duara kuzunguka kila shina, pale unyevu unapoishia. Kwenye mfereji, chini kidogo ya weupe, kuna mstari wa kahawia iliyoiva, kama mafuta machafu ya gari yaliyomwagika.

Mke wangu amecheka aliponiona nalamba udongo. "Hayo maji ungeniuliza mimi. Maharage ya kisima hiki yanaiva upesi kama yametiwa magadi. Ila chai yake ndiyo hainyweki." Nimeliandika kwa sababu ni kweli. Tulipokuwa tunachota bomba la mjini maharage yalikuwa yanamaliza mkaa.

Novemba 16

Jaribio la kopo. Nilikata matako ya kopo la rangi la lita nne, nikalididimiza sentimita 5 ardhini, nikamimina maji ya kimo cha sentimita 5 na kuhesabu kwa saa ya simu. Kipande cha nne kilimeza kwa dakika 6. Cha kwanza, dakika 11. Cha pili na cha tatu vilikuwa katikati.

Nikafurahi. Dakika 11 si mbaya. Nilimwambia mke wangu kwamba pengine jirani alikuza mambo, udongo wangu bado unakunywa vizuri. Nimelala usingizi mzuri.

Desemba 9

Imenyesha. Wingu lilipanda kutoka mashariki saa tisa alasiri, upepo ukabeba vumbi lote la kijiji, kisha matone makubwa yakaanza kupiga bati moja moja, na ghafla yote kwa pamoja. Ilichukua kama dakika arobaini. Kipimo kimesoma milimita 27. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, basi kila kipande kilipokea lita 540.

Nilisimama mvuani nikiwa nimevaa gunia, sikutaka kusimuliwa. Kipande cha kwanza: dakika tano za mwanzo maji yalizama, kisha uso wa udongo ukang'aa. Ndiyo neno ninalolipata, ulianza kung'aa kama sahani. Kuanzia hapo hakuna kilichoingia. Maji ya mabega yaliteremkia mferejini, na mfereji niliouchimba kupeleka maji kwenye nyanya ukageuka barabara ya kupeleka udongo pipani. Pipa lilijaa mvua ikiwa bado haijafika nusu, likafurika, na kipimo changu kikaishia hapo. Lita 200 na zaidi, zaidi kiasi gani sitajua kamwe. Kosa langu, ilinipasa niunganishe mapipa mawili.

Cha pili: pipa lilifika robo tatu, yaani lita 150 hivi. Cha tatu, cha matone, lita 90.

Na cha nne, kile chenye kiu? Lita 120. Kimepitwa na matone. Utabiri wangu umekufa siku ya kwanza.

Nimekaa nacho usiku huu. Nadhani nilikiona kwa macho bila kukielewa. Mabonge ya kipande cha nne yalikuwa makavu kama matofali mabichi. Tone lilipoyapiga hayakulowa taratibu, yalipasuka. Maji yanaingia bongeni kwa kasi kutoka pande zote, hewa iliyomo inakosa pa kutokea, bonge linajipasua lenyewe, na unga wake unajaza vitundu vya udongo. Baada ya hapo ni ukoko, na ukoko haunywi. Chini ya mipira ya matone, udongo ulikuwa na unyevu wa kadiri, haukushtuka. Tena majani ya nyanya yaliyapokea matone ya mvua kabla hayajafika chini. Kwa hiyo kumwagilia kwenyewe si dhambi. Udongo wenye unyevu kidogo umeipokea mvua vizuri kuliko mkavu kabisa.

Lakini hilo halielezi kipande cha kwanza. Kile nacho kilikuwa na unyevu.

Desemba 10

Maji ya pipa la nne yametulia, tope limelala chini na juu kumeanza kuonekana kina. Pipa la kwanza ni chai ya maziwa.

Desemba 13

Siku ya nne, pipa la kwanza bado ni chai ya maziwa. La nne nimelitumia kuogea.

Leo nimefanya jambo dogo lililonifunza kuliko mabati yote. Nilikinga mvua ile kwenye beseni safi. Nikachukua glasi nne: mbili nikatia maji ya mvua, mbili maji ya kisima. Nikachukua vibonge vya ukubwa wa punje ya karanga, viwili kutoka kipande cha nne na viwili kutoka cha kwanza, nikavikausha juani, kisha nikaviteremsha polepole kwa kijiko. Watoto wamejazana mezani.

Bonge la kipande cha nne lilimomonyoka katika glasi zote mbili. Lilianguka likawa chembechembe, lakini maji ya juu yakabaki safi.

Bonge la kipande cha kwanza ndani ya maji ya kisima lilibomoka kidogo kisha likatulia. Maji safi. Ndani ya maji ya mvua, lilikaa kama dakika mbili kimya, halafu ukungu ukaanza kutoka pembeni, mwembamba, kama moshi wa udi. Baada ya nusu saa glasi nzima ilikuwa maziwa. Mtoto wangu wa kati akauliza, "Baba, limeyeyuka?" Ndiyo. La kipande cha nne lilimomonyoka, hili limeyeyuka, na ni mambo mawili tofauti.

Sasa maharage ya mke wangu yameingia mahali pake. Maji yanayoivisha maharage upesi yana tabia ya magadi, yaani yana sodiamu nyingi. Miezi sita namimina sodiamu hiyo kwenye udongo. Jua linachukua maji, chumvi inabaki. Chembe za mfinyanzi huwa zimeshikana, na kalisi, madini ya chokaa, ni kishikizo kizuri. Sodiamu inaifukuza kalisi na kukaa mahali pake, lakini yenyewe haijui kushika. Kinachozuia zisiachane ni ukali wa chumvi ulio ndani ya maji ya kisima. Wakati wote wa kiangazi zimebanwa na chumvi, na mimi naona udongo mzima. Kisha inakuja mvua, maji matupu yasiyo na chumvi hata chembe. Ule ukali unaoshwa, chembe zinaachana zote kwa pamoja, zinaziba kila tundu, na uso unang'aa kama sahani.

Ndiyo maana kopo la rangi lilinidanganya mwezi uliopita. Nilipima kwa maji ya kisima! Nilikuwa namuuliza mshtakiwa kama ameiba.

Na ndiyo maana matone yamefanya madhara madogo ingawa kisima ni kilekile: nimemimina maji machache, basi na sodiamu ni chache.

Desemba 20

Mzee wa shamba la mtama amepita. Nimemwonyesha glasi, akatikisa kichwa kwa heshima tu, kisha akataka kuona mfereji. Alisimama juu yake akatazama chini mpaka kwa jirani.

"Mwanangu, hii ni njia ya ng'ombe. Sisi HADO walikuja na matrekta wakatupigia makinga maji, tukawanung'unikia kwamba wanakula mashamba yetu. Wewe hukuombwa, umechimba la kushuka kwa jembe lako mwenyewe."

HADO ni Hifadhi Ardhi Dodoma, mradi ulioanza 1973. Kule Kondoa 1979 waliondoa mifugo yote kwenye eneo lililoliwa na makorongo, na watu wa huko hawajaacha kulizungumza. Mzee akaongeza habari ya bwawa la Ikowa huko Chamwino, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili watu wamwagilie, nalo tope la milimani likalijaza. "Maji ya kumwagilia yalifukiwa na udongo. Wako unafukiwa na maji ya kumwagilia. Mnabadilishana tu."

Yapo pia majaribio ya Mpwapwa ya miaka ya 1930, mabati na mapipa kama yangu, ila yao yaliendeshwa na wataalamu. Kipande kitupu kilipoteza nusu ya mvua na tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Kipande cha nyasi hakikupoteza udongo wa kupimika. Nimezigeuza tani zile ziwe za kwangu: kwa mita 20 za mraba ni karibu kilo 290, magunia matatu ya kilo mia. Kimo chake ni kama sentimita moja ya ardhi kila mwaka, na ukitoboa hapa kwetu, udongo mzuri unaishia kwenye kiganja.

Uamuzi wa leo. Kipande cha kwanza nimekinyunyizia jasi, mifuko miwili kutoka kwa dereva wa lori anayepita na mzigo wa Itigi, nikaichanganya juu juu kwa reki. Jasi ina kalisi, na hiyo ndiyo iliyofukuzwa. Kipande cha pili nimekitandaza mabua ya mtama. Najua mtaalamu atasema nimebadilisha mawili kwa mpigo. Mimi sitafuti shahada, nina jirani. Na bustani iliyobaki, robo eka, nimefukia mifereji ya kushuka na kuchimba mipya ya kukingama, inayokata mteremko.

Mapipa ya kwanza sasa ni mawili, yameunganishwa.

Januari 8

Mambo yameharibika, na ni mimi.

Mvua ya jana usiku ilikuwa milimita 41. Vipande vina nafuu, nitaeleza. Lakini kwenye robo eka mifereji ya kukingama nilikuwa nimeichora kwa macho. Macho ya binadamu mlimani ni mwongo mkubwa. Mfereji wa tatu ulikuwa na bonde dogo katikati, kimo cha vidole vitatu, na maji yote ya mita thelathini yakakimbilia hapo. Tuta likakatika. Maji yakaangukia mfereji wa nne, nao ukakatika palepale, na wa tano. Asubuhi nimekuta mtaro ninaoweza kusimama ndani yake hadi magotini. Hata ile ya kushuka haikuwahi kuchimba hivi. Zamani kila mfereji ulibeba maji yake. Sasa yote yalikusanywa kwanza, ndipo yakaachiwa kwa mpigo.

Kosa la pili ni chungu zaidi. Juzi jioni niliwasha pampu. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Kongwa, nikayaona, nikasema yatapita kama yalivyopita wiki nzima. Nikajaza mifereji yote. Mvua ilipofika ilikuta udongo umeshashiba na mifereji ina maji hadi shingoni. Hata tuta zuri lingeshindwa.

Jirani hakuja na karai safari hii. Amesimama tu kwenye mpaka akatazama, akaenda zake. Ningependa angekuja na karai.

Januari 9

Vipande. Cha kwanza chenye jasi, lita 310 kati ya 820. Si kidogo, lakini tazama hili: maji ya mapipa yalikuwa yametulia kufikia jioni ya siku ileile. Mfinyanzi umelala chini, juu naona kidole changu. Kile cha mabua, lita 110 tu, na ukiinua bua unakuta chini yake udongo umekaa punjepunje kama ulivyokuwa Desemba. Matone, 190. Kitupu, zaidi ya 200, pipa lilifurika (na hili sikuliunganisha, sijifunzi).

Kumbe kwa upande wa kuzuia maji yasikimbie, mabua ya bure yameishinda mipira ya matone niliyoilipia.

Januari 12 hadi 17

Nimetengeneza pembe ya kupimia: fito tatu zilizofungwa kama herufi A, kamba na jiwe katikati. Nimeirudia robo eka yote, mfereji baada ya mfereji. Mzee ameleta wajukuu wawili. Ndani ya kila mfereji tumeweka kifungo cha udongo kila baada ya hatua mbili, chini kidogo ya kimo cha tuta, ili maji yakizidi yahamie chumba cha pili badala ya kuvunja ukuta. Nikitaka kumwagilia nafungua vifungo kwa jembe, nikimaliza nafunga. Ni kazi, mgongo unajua. Pembezoni nimeacha njia moja ya maji yaliyozidi, imepandwa nyasi, inaishia kwenye shimo nililochimba ndani ya mpaka wangu.

Januari 29

Milimita 33, za kasi. Tuta moja limevuja, nimeliziba kwa mguu palepale. Shimo la mwisho lina maji, na maji hayo ni ya mvua, hayana chumvi. Nimeanza kuyapampu kwenye nyanya kabla ya kugusa kisima.

Uso wa kipande cha kwanza umeanza kung'aa tena pembeni. Nadhani jasi imeshuka chini na mvua, au haikutosha. Itabidi niongeze kabla ya Oktoba.

Februari 15

Siku kumi na saba bila mvua, ule ukame wetu wa katikati. Majani ya mtama wa mzee yamejikunja kama sigara. Namwagilia, lakini jioni tu, na kila mara natazama kwanza upande wa Kongwa. Maji ya shimo yameisha juzi, nimerudi kisimani.

Nimekwenda kwa jirani na toroli, nikiwa nimejiandaa kukusanya udongo wangu wa msimu uliopita na ule wa Januari. Nimemkuta ameinama mahali palepale tope lilipotua, anachuma. Kapu limejaa.

"Mwache huyo udongo hapo alipo, baba. Mlenda umeota juu yake wenyewe, sijapanda hata mbegu." Akanikatia wa kupika mchana, akaufunga kwa ukindu. "Ila usilete mwingine."

Nimerudi na toroli tupu na fungu la mlenda juu yake.